Edward Steere, askofu aliyekipunguzia Kiswahili herufi

Mwanafunzi wa Tarasaa anapomwandikia nduguye aliyeko Garsen ujumbe wa simu, hatafuti herufi yoyote ya ziada. Kila anachohitaji kwa Kiswahili sanifu kimo kwenye vitufe vilivyotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza. Jambo hilo halikutokea lenyewe. Kwa sehemu kubwa lilitokana na uamuzi wa mwanasheria wa Kiingereza aliyegeuka kasisi, Edward Steere.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, akaiacha, akapewa daraja katika Kanisa la Anglikana. Agosti 1864 aliwasili Unguja akifuatana na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Wakati huo Waswahili walikuwa wamekwisha kuandika lugha yao kwa muda mrefu kwa herufi za Kiarabu, na tenzi za Pate na Lamu zilihifadhiwa kwa hati hiyo. Lakini alama zake za irabu ni tatu, ilhali Kiswahili kina irabu tano, na Kiarabu hakina herufi za p, v wala ch. Mwenyeji alisoma bila taabu kwa kuwa neno alilijua tayari. Mgeni alikwama.

Ludwig Krapf wa Rabai alikuwa ametangulia kutumia herufi za Kirumi. Mwaka 1850 ilichapishwa orodha yake ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki, zikiwamo Kipokomo na Kioromo, ambazo hadi leo husikika pande za Tarasaa. Hata hivyo, katika jina la kitabu hicho lugha zimeandikwa Kisuáheli, Kiníka, Kipokómo. Vialama vile juu ya irabu vyapendeza machoni, lakini humwambia msomaji jambo ambalo lugha yenyewe hulitangaza, kwani mkazo wa Kiswahili karibu daima huangukia silabi ya pili kutoka mwisho.

Kwa mchapaji, kialama hakikuwa pambo. Siku hizo maneno yalipangwa kwa mkono, herufi moja moja ya risasi ikitolewa katika kijumba chake ndani ya kasha. Kila irabu yenye alama ilidai kipande chake na kijumba chake, na ilipokwisha ilibidi kungoja meli. Steere aliyajua hayo kwa karibu, maana misheni ilikuwa na mtambo wa kuchapia Unguja, na miongoni mwa waliopanga herufi walikuwa vijana waliokombolewa utumwani.

Kanuni aliyoifuata ilikuwa fupi: irabu zisomwe kama za Kiitaliano, konsonanti kama za Kiingereza. Pasipotosha herufi moja, ziunganishwe mbili, kama sh, ch na dh. Kwa sauti ya ng'ombe aliongeza kidokezo ambacho tayari kilikuwamo kashani. Mwaka 1867 mtambo wa Unguja ulitoa mkusanyo wake wa Kishambala. Mwaka 1870 vikatoka kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja na kile cha hadithi alizosimuliwa na wenyeji.

Wepesi huo ulikuwa na gharama yake, nayo ililipwa zaidi na watu wa kaskazini mwa pwani. Katika hadithi ya Sultani Darai, paa ni mnyama, na tahajia yake ni ile ile ya paa la nyumba. Mzaliwa wa Mombasa hutamka p ya mnyama kwa kuipuliza pumzi. Tembo wa porini naye haandikwi tofauti na tembo la mnazi, ingawa kando ya Tana wengi hujiepusha na utata huo kwa kusema ndovu. W. E. Taylor wa Mombasa alijaribu kuzionyesha tofauti hizo kwa alama katika kitabu chake cha methali cha 1891. Usahihi ulikuwa upande wake, lakini hakufuatwa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikaeneza tahajia isiyo na vialama.

Matokeo yake yalifika mbali. Gazeti la The Times la London lilipoanza mwaka 1932 kutumia herufi za Times New Roman, zilizochorwa zisomeke vyema huku zikibana nafasi, Kiswahili kiliweza kuchapwa kwazo bila kuongezwa hata nukta. Kwenye simu ndivyo ilivyo. Ujumbe mfupi wa kawaida hubeba herufi 160, lakini ukitiwa ĩ au ũ za Kikuyu nafasi hushuka hadi 70.

Steere, aliyekuwa askofu tangu 1874, alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882. Alizikwa nyuma ya altare ya kanisa kuu la Mkunazini, alilolijenga mahali palipokuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873.