Arthur Percival

Arthur Ernest Percival (26 Desemba 1887 – 31 Januari 1966) alikuwa jenerali wa jeshi la Uingereza. Anajulikana hasa kama kamanda aliyesalimisha Singapuri kwa Wajapani tarehe 15 Februari 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Tukio hilo huhesabiwa kati ya maafa makubwa kabisa ya kijeshi katika historia ya Uingereza.

Maisha ya awali

Alizaliwa Aspenden, Hertfordshire, akasoma katika shule ya Rugby, kisha akafanya kazi ya ukarani mjini London. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alijiandikisha kama askari wa kawaida akiwa na umri wa miaka 26. Alipanda vyeo haraka, akajeruhiwa katika mapigano ya Somme mwaka 1916 na kutunukiwa nishani za ushujaa. Baada ya vita alitumwa kaskazini mwa Urusi, halafu Ireland, ambako wapigania uhuru walimlaumu kwa ukatili dhidi ya wafungwa. Baadaye alitumikia miaka kadhaa nchini Nigeria, katika jeshi la kikoloni la Afrika ya Magharibi.

Ngome ya Singapuri

Uingereza ilijenga Singapuri kituo kikubwa cha jeshi la majini, kilichofunguliwa mwaka 1938. Mpango ulikuwa kwamba vita vikizuka, manowari zingetumwa kutoka Ulaya, na mizinga ya pwani ingemzuia adui hadi zifike. Kwa hiyo mizinga hiyo, mitano kati yake ikiwa ya inchi 15, iliwekwa hasa kwa ajili ya kupigana na meli.

Miaka ya 1936 hadi 1938 Percival alikuwa mnadhimu mkuu wa Jenerali William Dobbie huko Malaya. Mwaka 1937 alichunguza jinsi Wajapani wangeweza kushambulia. Aliona kwamba wangeweza kuteremka pwani kaskazini, katika Siam na Malaya, kisha kushuka kwa nchi kavu. Maana yake ni kwamba bandari isingeweza kulindwa bila kuilinda rasi nzima.

Upungufu wa askari na vifaa

Mwaka 1941 Percival alirudi Malaya akiwa mkuu wa majeshi ya nchi kavu. Wakati huo ndege na vifaru vya Uingereza vilipelekwa kwanza Mashariki ya Kati na Urusi. Percival aliomba batalioni 48 za askari wa miguu, lakini vita vilipoanza alikuwa na takribani theluthi mbili tu. Aliomba vifaru, hakupewa hata kimoja. Wakuu wa majeshi mjini London walikuwa wamekubali kwamba ndege 336 zinahitajika, lakini zilizokuwa tayari zilikuwa 158, na nyingi kati yake zilikuwa za kizamani.

Hata batalioni zilizokuwepo zilikuwa na udhaifu. Vikosi vingi vya Wahindi vilikuwa vimenyang'anywa maafisa na masajini wenye uzoefu ili kuunda vikosi vipya, na nafasi zao zikajazwa na vijana wasio na mafunzo ya kutosha. Mizinga mikubwa ya pwani nayo ilikuwa na makombora mengi ya kutoboa chuma cha manowari, ambayo hayafai sana dhidi ya askari wa miguu.

Kuanguka kwa Singapuri

Wajapani waliteremka Kota Bharu tarehe 8 Desemba 1941. Siku mbili baadaye ndege zao zilizamisha manowari Prince of Wales na Repulse. Jeshi la Jenerali Tomoyuki Yamashita lilisonga kusini likiwa na vifaru, na ilipofika 31 Januari 1942 Waingereza walikuwa wamerudi nyuma hadi kisiwani.

Mhandisi mkuu wake, Ivan Simson, alikuwa amemhimiza ajenge vizuizi upande wa kaskazini wa kisiwa. Percival alikataa, akihofia kwamba kazi hiyo ingewavunja moyo askari na raia. Wajapani walivuka mlangobahari usiku wa 8 Februari. Baada ya wiki moja, maji yakiwa yanakaribia kwisha mjini, Percival alijisalimisha katika kiwanda cha magari cha Ford huko Bukit Timah. Yamashita alikuwa na askari wachache kuliko yeye, na risasi zake zilikuwa zinakwisha.

Kifungo na miaka ya mwisho

Percival alifungwa Changi, Taiwan, kisha Manchuria. Tarehe 2 Septemba 1945 alihudhuria utiaji sahihi wa Japani kujisalimisha ndani ya manowari Missouri, na siku iliyofuata alikuwepo Ufilipino Yamashita alipojisalimisha. Mwaka 1949 alitoa kitabu kuhusu vita vya Malaya. Tofauti na majenerali wengi wa cheo chake, hakupewa heshima ya kuitwa Sir. Aliwatetea waliokuwa mateka wa Wajapani ili walipwe fidia, na wengi wao walimheshimu hadi alipofariki mjini London.

Tathmini

Wanahistoria hutofautiana kuhusu lawama yake. Upungufu wa ndege, vifaru na maafisa ulitokana na maamuzi ya London, na yeye mwenyewe alikuwa ameiona hatari mapema. Lakini kutojenga vizuizi kaskazini mwa kisiwa kulikuwa uamuzi wake.