Michael Wood, mpasuaji aliyewafuata wagonjwa kwa ndege

MGONJWA wa Soitsambu, wilayani Ngorongoro, mwenye uvimbe usoni au kidonda kisichopona, akipewa rufaa kwenda Arusha ana safari ya zaidi ya kilomita 300 za barabara. Moshi, iliko hospitali ya KCMC, ni mbali zaidi. Kuupunguza umbali wa namna hiyo ndiko kulikoijaza nusu ya pili ya maisha ya Sir Michael Wood, mpasuaji Mwingereza aliyefariki dunia mwaka 1987.

Wood alihamia Kenya baada ya Vita Kuu ya Pili, akitafuta hali ya hewa ambayo ingempa nafuu ya pumu. Alifanya upasuaji wa kawaida Nairobi, kisha akarejea Uingereza kujifunza upasuaji wa kurekebisha ngozi na maumbile kwa Archibald McIndoe, katika mji wa East Grinstead. McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, alikuwa amejipatia sifa kwa kutengeneza upya nyuso za marubani walioungua vitani. Aliwataka marubani hao watoke wodini na kutembea mjini, nao wakazi wa East Grinstead wakajizoeza kutowakodolea macho. Pengine somo hilo lilikuwa zito kuliko la kisu chenyewe.

McIndoe alikuwa na shamba katika miteremko ya Kilimanjaro, na Wood naye akawa mkulima huko huko, Ol Molog. Hapo mlimani wawili hao, pamoja na Thomas Rees wa Marekani, walijadiliana namna ya kuwafikishia tiba watu wa vijijini Afrika Mashariki, ambako wapasuaji mabingwa walikuwa wachache na karibu wote walikaa mijini. Mwaka 1957 lilizaliwa shirika ambalo leo ni Amref. Wood alirusha ndege mwenyewe, na baadaye hospitali za mbali ziliunganishwa kwa redio ya upepo.

Kazi ilikuwa nyingi: watoto wenye mdomo wa sungura, makovu ya moto yaliyokunja viungo, majeraha ya wanyama wakali. Ngozi ina faida moja kwa mpasuaji anayesafiri, nayo ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yake haihitaji nusu kaputi wala kitanda cha wodi. Hata saratani ya ngozi, ikiwahiwa, huondolewa hivyo. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi kuzunguka uvimbe. Husikia kuguswa na kuvutwa, lakini si maumivu makali. Uvimbe hukatwa pamoja na ukingo wa ngozi nzima, kisha jeraha hushonwa. Pengo likiwa kubwa, huzibwa kwa ngozi ya jirani au iliyochukuliwa sehemu nyingine ya mwili. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kipande kilichotolewa hupelekwa maabara, kwa kuwa jicho pekee haliwezi kuthibitisha kwamba saratani imekwisha.

Ugumu huja baadaye. Ganzi ikiisha maumivu huanza, uso huweza kuvimba kwa siku kadhaa, na nyuzi za usoni hutolewa baada ya wiki moja hivi, wakati ndege imekwisha kuondoka. Nani atabadilisha bendeji? Nani atatambua usaha kabla haujaharibu kazi yote? Majibu ya maabara yakionyesha kuwa ukingo haukuwa safi, mgonjwa lazima apatikane na kukatwa tena. Daktari wa ndege asiyeacha nyuma yake mtu aliyefunzwa huwa amefanya nusu ya kazi. Shirika la Wood lilielekea huko: kadiri miaka ilivyopita, mafunzo ya wahudumu wa afya na huduma za kinga vilichukua nafasi kubwa kando ya safari za wapasuaji.

Wood hakuishia kwenye tiba. Mwaka 1985 alishirikiana na David Campbell kuanzisha FARM-Africa, shirika la kuwasaidia wakulima na wafugaji, na mwaka huo huo alitunukiwa hadhi ya Sir. Mkewe, Susan, mzaliwa wa Kongo, alikuwa amekwisha kuanzisha Nairobi karakana ya shanga za udongo ya Kazuri mwaka 1975.

Miaka mitano baada ya kifo chake, mwaka 1992, kilifunguliwa KCMC kituo cha kufundisha tiba ya ngozi kwa ajili ya ukanda huu wa Afrika. Madaktari wake pia huwafuata wagonjwa mikoani, hasa watu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina kinga ya kutosha dhidi ya jua na ambao saratani hii huwapata wangali vijana. Huwapima, na vidonda vidogo vya awali huvigandisha kwa baridi kali bila kutumia kisu. Huwapa pia mafuta ya Kilisun, yanayotengenezwa Moshi, chini ya mlima ule ule.