Isaac Singer: Jamaa wa cherehani aliyetuachia 'lipa mdogo mdogo'

Ukipita soko la Gakoromone mjini Meru, au kwenye baraza za maduka mjini Embu, utakuta mafundi wa nguo na cherehani nyeusi zilizoandikwa Singer kwa rangi ya dhahabu. Jina hilo umelizoea tangu utotoni. Lakini je, unajua Singer alikuwa mtu? Na kwamba simu unayoilipia kila siku kwa M-Pesa inafuata njia iliyofunguliwa na kampuni yake?

Isaac Merritt Singer alizaliwa mwaka wa 1811 katika jimbo la New York, Marekani. Akiwa na miaka 12 tu aliondoka nyumbani kujitafutia. Alijifunza ufundi wa mashine, ila moyo wake ulikuwa kwenye maigizo. Mnamo 1839 alibuni mashine ya kutoboa mawe, akauza haki zake kwa dola 2,000, halafu hela zote akazimwaga kwenye kundi lake la waigizaji. Zikaisha, akarudi kuhangaika.

Mwaka wa 1850, katika karakana moja mjini Boston, aliletewa cherehani iliyokuwa ikisumbua. Akaibadilisha, na Agosti 1851 akapata hataza. Hakuwa wa kwanza kubuni cherehani. Elias Howe alimtangulia, akamshtaki, na Singer akalazimika kumlipa.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Cherehani ya Singer ilikuwa teknolojia ya hali ya juu wakati huo, na bei yake ilifika dola 125. Familia ya kawaida ilipata takriban dola 500 kwa mwaka mzima. Yaani mashine moja ilimeza pato la miezi mitatu! Singer alifungua duka la kifahari barabara ya Broadway, akaweka wasichana wa kuonyesha mashine inavyoshona. Watu walikuja, wakatazama, wakaenda zao. Mwaka wa 1855 aliuza mashine 883 pekee.

Mshirika wake, wakili Edward Clark, ndiye aliyepata dawa. Badala ya kuteremsha bei na kulishusha hadhi jina, mnamo 1856 aliigawa bei: unatoa dola 5, unabeba mashine, kisha unalipa dola 3 kila mwezi. Ukikwama, mashine inarudi kwa kampuni. Mwaka huo ziliuzwa 2,564.

Mwaka uliofuata uchumi wa Marekani ukaanguka. Benki zikafunga milango, watu wakapoteza kazi. Lakini Singer waliuza mashine 3,630 mwaka huo wa 1857, na 3,594 mwaka wa 1858. Yaani hawakutikisika. Kufikia 1860 walifika 13,000.

Singer mwenyewe hakuwa malaika. Alizaa watoto zaidi ya 20 na wanawake kadhaa, na mambo yalipofichuka mwaka wa 1860 akatorokea Ulaya. Alifariki Uingereza mwaka wa 1875 akiwa tajiri wa kutupwa.

Turudi kwetu. Machi 2020 Somalia ilifunga soko la miraa, na mifuko ya Meru ikakauka. Julai mwaka huohuo Safaricom na Google wakaja na Lipa Mdogo Mdogo: unatoa Sh1,000, kisha Sh20 kila siku kwa miezi tisa. Leo hata simu za Samsung zinauzwa kwa mtindo huo. Tofauti ni kwamba Singer walituma mtu kuchukua mashine. Siku hizi simu inajifunga yenyewe.

Kwa hivyo, msomaji wangu, hela zikiwa ngumu usitarajie kampuni kubwa ikuteremshie bei. Itakukatia vipande. Tuseme simu ni Sh20,000 taslimu. Ukitoa Sh3,000, kisha Sh80 kila siku kwa mwaka mmoja, utakuwa umelipa Sh32,200. Sh80 haiumi, lakini hiyo Sh12,200 ya juu inauma.

Yule aliyechukua cherehani alishona, akauza nguo, na mashine ikajilipa yenyewe. Simu yako je, inakuingizia chochote? Kama unauzia bidhaa mtandaoni au unaendesha nayo biashara ya boda, chukua. Kama ni ya kuringia tu, piga hesabu kwanza, kwa sababu mauzo ya miraa au muguka yakikwama, deni halitangoja soko lifunguliwe.