Bibi Titi Mohamed, Mtumishi wa Watu

Mchukwi, karibu na Kibiti, leo imo katika Wilaya ya Kibiti. Lakini katika miaka ya kwanza ya Uhuru nchi ile yote, toka mikorosho ya bara mpaka mikoko ya delta, ilikuwa Wilaya moja ya Rufiji. Watu wake walilima mpunga mabondeni, wakayavumilia mafuriko ya mto, na kuvuka kwao kulikuwa kwa mtumbwi na kivuko. Tena mjumbe wao katika Bunge alikuwa mwanamke, jambo lililokuwa geni sana siku zile. Mwanamke huyo ni Bibi Titi Mohamed. Vijana wengi huijua barabara yenye jina lake jijini Dar es Salaam, bali mwenye jina hawamjui. Kwa hiyo yafaa wazazi wawasimulie watoto wao habari zake, na wasiwafiche zile zilizo chungu.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika nyumba ya Kiislamu. Alisoma mpaka darasa la nne, na hayo yalikuwa mengi kwa msichana wa wakati ule. Aliozwa akiwa bado kijana mdogo. Mungu alimjalia sauti nzuri, naye akajulikana mjini kwa uimbaji wake katika kikundi cha ngoma. Tusidhani kwamba vikundi vile vilikuwa vya mchezo tu. Kila kimoja kilikuwa na viongozi wake na wanachama wake, nao walisaidiana katika arusi na katika msiba. Humo wanawake wasiokuwa na cheo chochote serikalini walijifunza kuongoza, kutunza fedha na kutimiza ahadi.

Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata Mwalimu Julius Nyerere aliacha kazi yake ya ualimu katika shule ya Pugu ili autumikie umma. Katika mwaka huo huo wa 1955 alifika Dar es Salaam John Hatch, mjumbe wa chama cha Labour cha Uingereza, naye akataka kujua wanawake wa TANU wako wapi. Swali hilo liliwatahayarisha wanaume, kwa maana wanawake waliokata kadi walikuwa wachache mno. Ndipo Bibi Titi alipoitwa aongoze. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Yeye na wenzake hawakungoja watu wawaendee. Walikwenda wenyewe kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, wakaingia nyumba kwa nyumba, wakaeleza maana ya kujitawala kwa maneno ambayo kila mama aliyafahamu. Baada ya miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa wamekwisha kuingia katika chama. Kazi hiyo haikuwa na mshahara, wala hakuna aliyekuwa na hakika kwamba mwisho wake ungekuwa mwema. Mume aliweza kukasirika, na mtumishi wa Serikali aliweza kupoteza kazi yake kwa ajili ya siasa.

Baadaye alisafiri pamoja na Mwalimu katika majimbo ya Tanganyika, akihutubia mikutano mikubwa. Hakuwa na elimu ya Kiingereza, lakini Kiswahili chake kiliwagusa watu wa makabila yote. Vijana waliomsikia walijifunza kwamba mtu hapimwi kwa vyeti peke yake, na wasichana waliona kwa macho yao kwamba mwanamke aweza kusimama mbele ya umati na kusikilizwa kwa heshima. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 katika viti 71, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru. Sehemu kubwa ya ushindi huo ilitoka katika miguu ya wanawake waliotembea bila malipo.

Baada ya Uhuru alipewa madaraka makubwa. Alikuwa Mbunge wa Rufiji na Waziri Mdogo katika Serikali. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoundwa mwaka 1962, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Hata hivyo sifa ya jana haimpi kiongozi haki ya kukaa milele. Mwaka 1965 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, ambapo wapiga kura walichagua mmoja kati ya wagombea wawili wa TANU, huyu kwa alama ya jembe na huyu kwa alama ya nyumba. Watu wa Rufiji walimpa kura mwenzake, na Bibi Titi akakipoteza kiti chake. Ilikuwa haki yao. Naye hakuacha kazi ya umma, bali aliendelea kuuongoza Umoja wa Wanawake.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja Februari 1967, lilipotangazwa Azimio la Arusha. Masharti ya uongozi yalimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Shabaha yake ilikuwa njema, ya kuwazuia wakubwa wasijinenepeshe kwa jasho la wanyonge. Lakini kwa wanawake wengi wa mjini, wasiokuwa na elimu kubwa wala malipo ya uzeeni, nyumba ya kupangisha ndiyo iliyokuwa akiba ya maisha. Bibi Titi hakukubali masharti hayo, naye alijiuzulu. Aliweza kujificha nyuma ya jina la ndugu na kubaki na cheo chake, lakini yeye alisema lake wazi na kuondoka.

Mwaka 1969 alikamatwa pamoja na wengine. Mwaka 1970 walishtakiwa kwa uhaini, yaani kwa kula njama ya kuipindua Serikali. Alikana mashtaka, lakini mahakama ilimwona ana hatia, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Sauti iliyokuwa imewaita maelfu ya watu ikanyamazishwa na kuta za gereza. Mwaka 1972 Rais Nyerere, aliyekuwa mwenzake wa safari, alimsamehe, naye akatoka.

Alirudi katika maisha ya kimya, na kwa miaka mingi jina lake halikutajwa sana. Ilikuwa mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka 30 ya Uhuru, ndipo alipotajwa tena kwa heshima miongoni mwa waliopigania Uhuru. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 huko Johannesburg, Afrika ya Kusini, alikokuwa akitibiwa.

Hatuna budi kujifunza jambo katika maisha haya. Hukumu ya mahakama haifuti kazi njema iliyotangulia, wala kazi njema haimweki mtu juu ya sheria. Taifa lenye akili huyaandika yote mawili katika kitabu kimoja. Lakini watu huwa wepesi wa kukumbuka anguko la mtu na wazito wa kukumbuka jasho lake; asante ya punda huwa mateke.

Na si wakubwa tu wanaosahauliwa hivyo. Pale Mchukwi, na katika kila kijiji cha nchi hii, wako wazee waliofundisha watoto kusoma chini ya mwembe, waliozalisha akina mama usiku, waliowaongoza vijana bila kudai senti. Wengine walikosana na wenzao, wakaachwa peke yao. Basi, katika juma hili kila mzazi amchukue mwanawe waende wakamwamkie mmoja wao, wamwulize habari za kazi yake, wamshukuru angali hai. Shukrani ya barabara na sanamu huja nyuma ya mazishi, naye mwenyewe haisikii.