Mgeni Aliyeshika Jembe: Carey Francis na Miaka Yake ya Pumwani

Wahenga wetu walituusia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wetu huichukua methali hii kuwa ni ya kumfukuza mgeni kwa adabu. Lakini ukiitia akilini utaona ina heshima kubwa ndani yake, kwani mtu akishapewa jembe huwa si wa kukirimiwa tena. Ameingia katika hesabu ya watu wa nyumba, na jasho lake hutazamwa kama jasho la wenyeji.

Leo, msomaji mpenzi, nataka tumkumbuke mgeni mmoja aliyeshika jembe katika nchi ya Kenya mwaka 1928, asiliweke chini hata alipokata roho mwaka 1966. Jina lake ni Edward Carey Francis. Waliosoma Maseno na Alliance katika zama zake walilijua jina hilo kama walivyojua majina ya baba zao, na habari zake za huko zimeandikwa sana. Mimi nitapita huko kwa haraka, kwa kuwa shabaha yangu ni kufika naye Pumwani, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ambako alimalizia umri wake na ambako hutajwa kwa nadra.

KIJANA WA CAMBRIDGE

Carey Francis alizaliwa tarehe 13 Septemba 1897 huko Hampstead, London. Vita Kuu vya kwanza vilipozuka alikuwa kijana mbichi. Alipigana huko Ufaransa akiwa ofisa wa mizinga. Vita vilipokwisha aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma hisabati, na humo akang'ara. Mwaka 1922 alipewa kazi ya kufundisha katika Peterhouse, chuo kikongwe kuliko vyote vya Cambridge. Mwaka 1928 kilitoka kitabu cha mazoezi ya hisabati alichokiandika pamoja na J. E. Littlewood, ambaye alikuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa elimu hiyo duniani.

Njia yake basi ilikuwa nyeupe. Angalikaa pale pale, akala mshahara wake na heshima yake, hadi mvi zikamtoka. Badala yake, mwaka ule ule wa 1928, akafunga mizigo akaja kufundisha watoto wa shule katika kijiji cha Maseno, karibu na Kisumu, mahali ambapo mstari wa Ikweta unapita.

Aliletwa na shirika la CMS. Sisi watu wa pwani jina hilo si geni masikioni mwetu, maana ndilo lile lile lililomleta Krapf akajenga Rabai mwaka 1846, na ndilo lililowaweka watumwa waliokombolewa pale Freretown. Francis hakuwa kasisi. Alikuwa mwalimu tu, lakini mwenye dini yake ya Kikristo aliyoishika kwa mikono miwili, na aliyetaka wanafunzi wake waishike pia. Jambo hili tusilifiche, kwa kuwa tutalirudia.

Maseno alikaa miaka 12 akiwa mwalimu mkuu. Mwaka 1940 akahamishiwa Shule ya Alliance huko Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, akaiongoza kwa miaka 22. Vitabu vyake vya hesabu, vile vya Highway, vilienea mashuleni, na wazee wetu waliosoma zama hizo wangali wakivikumbuka, wengine kwa furaha na wengine kwa kukumbuka fimbo.

MKALI, TENA MWENYE HAKI YAKE

Alikuwa mtu wa kaptura na saa. Alivaa kaptura darasani na uwanjani, akicheza kandanda na wanafunzi wake, na kengele ikilia alitaka kila mtu awe mahali pake. Hakuoa wala hakuacha mtoto. Shule ndiyo iliyokuwa nyumba yake. Alikuwa mkali, na fimbo alikuwa nayo. Uvivu na uongo vilimchukiza sawa sawa, wala hakumtazama mtu ni mtoto wa nani.

Kwa upande wa siasa alikuwa Mwingereza wa wakati wake. Aliamini kwamba Mwafrika alihitaji kwanza kulelewa na kuongozwa kwa muda mrefu kabla ya kukabidhiwa mambo yake, na harakati za vijana waliodai uhuru upesi zilimtia wasiwasi. Hapo alikosea. Nchi ya watu haihitaji cheti cha mwalimu ndipo iwe yao.

Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, Francis aliwapinga Mau Mau na viapo vyao waziwazi. Lakini alipoona askari wa serikali wakiwatesa watu wasio na hatia hakunyamaza. Aliwaandikia wakubwa kulalamika, wakati Wazungu wengi wa nchi hii walikuwa wakipiga makofi au wakifumba macho. Shule yake ilikuwa katikati ya nchi ya Wakikuyu, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo vijana ambao ndugu zao walikuwa msituni. Mmoja wao alikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia Alliance mwaka 1955 na ambaye baadaye aliandika kitabu kizima juu ya miaka yake katika shule ile. Kwa vijana kama hao, Francis alikuwa kitendawili: mtu wa utawala uliowavunjia nyumba, na papo hapo mtu aliyewapa ngao ya masomo.

Matunda ya miti aliyoipanda yalionekana. Jaramogi Oginga Odinga alimsoma Francis huko Maseno. Ronald Ngala wa kwetu pwani, aliyekuja kuwa kiongozi wa chama cha KADU, alipitia Alliance katika zama zake. Wapo wengine wengi walioshika wizara, mahakama, hospitali na shule Uhuru ulipokuja.

KUSHUKA KWENDA MAJENGO

Sasa tufike Pumwani. Mwaka 1962 Francis alistaafu Alliance. Alikuwa akikaribia miaka 65. Kwa desturi ya Wazungu wa wakati ule, mtu wa makamo yake alipanda meli akarejea kwao, akanunua kijumba chenye bustani, akaandika kumbukumbu zake. Na kama angetaka kubaki, nafasi za heshima asingezikosa, kwani wenye kushika hatamu za nchi walikuwa wanafunzi wake. Yeye akachagua kwenda kufundisha katika shule ya sekondari ya Pumwani, shule ya watoto wa maskini. Wala hakwenda kuwa mkubwa. Alikwenda kuwa mwalimu wa kawaida, chini ya wengine.

Msomaji wa Lamu au wa Mombasa ambaye hajafika Pumwani huenda akadhani ni mji wa mbali naye. La hasha! Pumwani ni jamaa yetu wa damu. Zamani Nairobi ilipoanza, palikuwa na vijiji vya Waislamu na wageni wengine: Pangani, Maskini, Kaburini, na kimoja kilichoitwa kwa jina la Mombasa. Walikaa humo Waswahili, Wanubi, Wamanyema, na watu wa bara waliosilimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya mji ikaanza kuwakusanya hapo Pumwani, katika mtaa uitwao Majengo. Watu wakajenga nyumba za udongo na fito kwa ramani ya kwetu: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na baraza mbele. Pangani yenyewe ilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na waliovunjiwa wakajengewa vyumba vya kupanga karibu na hapo. Inasimuliwa kwamba jina la mtaa huo, Shauri Moyo, lilitokana na uchungu wa wenye nyumba walioachiwa kuamua wenyewe wahamie wapi.

Kandokando yake ikakua mitaa mingine ya wafanyakazi: Kaloleni, Ziwani, Makongeni, Bahati, Maringo, Jericho. Hiyo ndiyo Eastlands. Watu wake walijenga reli, wakafagia barabara, wakapika katika majumba ya mabwana, kisha jioni wakarudi kulala wanne wanne chumbani. Mwezi wa Aprili 1954 wanajeshi waliizingira mitaa hii katika ile operesheni ya Anvil, wakakamata maelfu. Watoto waliobaki walikua wakirandaranda bila baba.

Shule ndizo zilizokuwa haba. Mwaka wa Uhuru, 1963, Kenya nzima ilikuwa na shule za sekondari 151 tu. Mtoto wa Alliance alikuwa amechujwa katika maelfu, naye hata akifundishwa na mwalimu mlegevu, angepita. Mtoto wa Pumwani alikuwa ni yule aliyeachwa na chekecheke. Na huyo ndiye Francis aliyemwendea mwishoni. Alikuwa amekwisha kufundisha werevu wa Cambridge, akafundisha werevu wa Alliance, kisha akaenda kukaa na wasiotafutwa na mtu.

Ebu lione jambo hilo, msomaji. Tarehe 12 Desemba 1963 bendera mpya inapanda. Wanafunzi wake wa jana wanapanda magari yenye vibendera. Mwaka uliofuata Odinga akawa makamu wa rais. Na mzee yule, mwalimu wao, yuko Pumwani na chaki mkononi, akisahihisha hesabu za mtoto ambaye huenda hakula asubuhi. Hapo ndipo ninapomheshimu kuliko mahali pengine pote. Kule Alliance alikuwa bwana mkubwa, na ubwana una utamu wake hata kwa mcha Mungu. Pumwani hapakuwa na utamu huo. Nchi ilikuwa si ya Waingereza tena, na mkubwa wa shule alikuwa mtu mwingine. Yule aliyeamini kwamba Mwafrika alihitaji kuongozwa kwa muda mrefu, sasa alikuwa amekaa chini ya serikali ya Waafrika, akifanya kazi aliyopewa. Sijui kama moyo wake uliigeuza ile rai yake ya zamani. Lakini viungo vyake vilitii, na hayo si haba kwa mtu wa umri ule.

Alifundisha hivyo kwa miaka minne. Akafariki dunia hapo Nairobi tarehe 27 Julai 1966, mwezi mmoja na kitu kabla ya kutimiza miaka 69. Ukipiga hesabu tangu Maseno utapata miaka 38.

HOFU YETU NA DENI LETU

Wako watakaoniuliza: wewe uliyekaa juu ya mkeka wa chuo, ukashika ubao na msahafu, wamsifiaje mmisheni? Swali hilo ni la haki. Wazazi wetu waliziogopa shule za misheni, na hofu yao haikuwa ya bure. Mtoto aliingia Juma, na katika shule nyingi alitakiwa asali sala isiyo yake. Wengi walitoka na jina jingine. Wazee wakaona afadhali mwana akose cheti kuliko akose dini. Siwalaumu. Lakini gharama yake tumeilipa, pwani na Majengo pia, na hata leo tunaendelea kuilipa kila nafasi za kazi zinapotangazwa.

Basi mimi simsifii Francis kwa dini yake wala kwa siasa yake. Namsifia kwa mambo mawili: alikaa, na alikubali kushuka.

Tazama jinsi mambo yalivyokuja kuwa. Mwaka 1958 Waingereza walianzisha shirika lao la VSO la kupeleka watu wa kujitolea ng'ambo. Mwaka 1961 Wamarekani wakaanzisha lao la Peace Corps, ambalo lilifika Kenya katikati ya miaka ya 1960. Vijana hao walikuja kwa mwaka mmoja au miwili, wakafundisha, na wengi wao walifanya kazi njema. Siku hizi muda umezidi kufupika. Huja wageni wa wiki mbili tatu, wakapaka rangi ukuta wa shule, wakapiga picha na watoto, wakaondoka kabla rangi haijakauka. Nia zao huenda ni safi, na nia ni jambo la moyoni, mjuzi wake ni Mola peke yake. Lakini mtoto wa Eastlands humzoea mwalimu leo, kesho akamkosa, na keshokutwa akaletewa mwingine. Hao bado wamo katika zile siku mbili za ugeni. Jembe hawajaligusa.

Tusiishie hapo kwa wageni, tujitazame na sisi. Katika Majengo walikuwapo na wapo maalimu waliofundisha watoto wa watu miaka na miaka kwa malipo ya kibaba cha mchele na dua. Majina yao hayamo vitabuni, na thawabu yao iko kwa aliye bora wa kulipa. Ninaowauliza ni wale wengine, vijana wetu waliokwenda vyuo vikuu, wa pwani na wa Pumwani yenyewe, wakawa madaktari, mawakili na wahandisi. Wangapi kati yao, siku ya kustaafu, wamerudi katika mtaa waliozaliwa wakaomba darasa moja, si ukubwa wa shule, si kiti cha kamati, darasa moja tu, wawafundishe hesabu wale walioachwa na chekecheke?

Mtoto wetu yule hatalazimika kubadili jina ili asome kwa mjomba wake. Hofu ya wazee wetu ingekwisha siku hiyo. Mzungu wa Cambridge, asiye na jamaa wala kaburi la babu Pumwani, aliliona jembe limelala chini akaliokota. Sisi tuna jamaa pale, na makaburi pia.