Alikatazwa Hoteli, Akaanzisha Klabu

Hebu fikiria: una pesa za kulipia hoteli kali kabisa mjini, lakini unaambiwa huwezi kulala humo kwa sababu huna mwanamume kando yako. Ndiyo yaliyompata Florence Jaffray Harriman, wengi walimwita Daisy, kule New York mwaka wa 1902. Nyumba yao ya mjini ilikuwa inakarabatiwa, akataka pa kulala usiku mmoja mmoja. Mumewe, Borden, akakataa katakata. Mke wa mtu hotelini peke yake? Watu watasema nini!

Na wanaume wa tabaka lake walikuwa na klabu zao chungu nzima, eti. Basi Daisy akawakusanya marafiki zake, na 1903 wakaanzisha Colony Club. Jengo lilifunguliwa 1907, barabara ya Madison: bwawa la kuogelea, ukumbi wa mazoezi, vyumba vya kulala. Kelele hazikukosa. Hata Grover Cleveland, rais mstaafu, aliandika 1905 akizishambulia klabu za wanawake.

Usidhani ilikuwa ya kila dada, lakini. Msichana wa kiwandani angeingia mle akiwa amebeba trei tu. Ila Desemba 1909, wasichana wa viwanda vya blauzi waliokuwa wamegoma walialikwa humo wajieleze, na mabibi wale wakakaa kuwasikiliza. Mimi hapo ndipo nilianza kuipenda hii stori.

Daisy naye hakubaki kwenye bwawa. Mwaka wa 1913 Rais Wilson alimteua kwenye tume ya kuchunguza mizozo ya wafanyakazi na waajiri. Wanachama tisa, mwanamke ni yeye peke yake. Mwaka uliofuata Borden akafariki.

Kisha 1937 Roosevelt akamtuma kuiwakilisha Marekani nchini Norway. Nchi tulivu, kazi ya shosho, si ndiyo? Aprili 1940 Wajerumani wakavamia. Akiwa na miaka 69, aliifuata serikali iliyokuwa ikitoroka, kwa gari, kwenye theluji, mabomu yakianguka. Kapteni Robert Losey, aliyekuwa akimsaidia, alikwenda mahali pa hatari badala yake, akauawa na bomu huko Dombås. Agosti, Daisy aliabiri meli kurudi kwao pamoja na Binti Mfalme Märtha na watoto wake watatu.

Alifariki 1967, akiwa na miaka 97. Klabu ilihama kitambo, lakini lile jengo la Madison bado limesimama. Siku hizi wanafunzi wa uigizaji husomea humo, wa kike na wa kiume.