Satchel Paige: Dogo wa shule ya watukutu aliyefundishwa kurusha mpira, akacheza hadi miaka 59

Ukitaja besiboli ya Marekani, jina la Satchel Paige haliwezi kukosekana. Lakini wengi hawajui kuwa jamaa huyu alinolewa nyuma ya uzio wa shule ya watoto watukutu.

Alizaliwa Julai 7, 1906 mjini Mobile, Alabama, na kupewa jina la Leroy. Mama yake alikuwa akifua nguo za watu, baba mtunza bustani. Watoto walikuwa wengi, pesa haikutosha. Leroy akawa anabeba mizigo ya abiria stesheni ya treni, na hapo ndipo lilipotoka jina la Satchel, yaani mkoba.

Shule alikuwa haendi. Kazi yake kubwa mtaani ilikuwa kurusha mawe, na shabaha alikuwa nayo. Mwaka 1918, akiwa na miaka 12 tu, alikamatwa kwa wizi mdogo dukani na utoro, akapelekwa shule ya kurekebisha tabia ya watoto weusi, Mount Meigs. Alikaa huko zaidi ya miaka mitano.

Kwa wengine hapo ndiyo ingekuwa mwisho. Kwake alikuwepo kocha Edward Byrd.

Byrd aliona dogo mrefu, mwembamba, mwenye mikono na miguu mirefu, anayerusha kwa nguvu za mkono peke yake. Akambadilisha. Alimfundisha kuegemea nyuma, kisha kuinua mguu wa kushoto juu kabisa mbele ya uso wa mpigaji. Mguu ukishuka, uzito wote wa mwili unahamia mbele, na mkono unafuata. Mpira unaachiwa dakika ya mwisho kabisa.

Faida yake? Mpigaji haoni mpira unatokea wapi, na akija kuuona tayari umeshamfikia. Byrd alimfundisha pia kutazama magoti ya mpigaji, maana magoti ndiyo yanayosema anataka kufanya nini.

Alitoka Desemba 1923. Mwaka 1926 akaanza kulipwa na timu ya Chattanooga. Wakati huo Ligi Kuu haikuwa ikichukua weusi, hivyo alitamba kwenye ligi za weusi akiwa na Birmingham, Pittsburgh na Kansas City.

Mwaka 1938 akiwa Mexico, mkono wake wa kulia ukagoma. Kuuinua tu ilikuwa shida. Wengi walijua kaisha. Kansas City Monarchs wakamchukua na kumweka kikosi cha pili, akizunguka miji midogo huku mkono ukikandwa. Mwaka 1939 nguvu zikarudi.

Lakini sasa hakutegemea kasi tu. Alibadilisha pembe ya mkono, na akawa na mtindo wa kutua mguu chini, anasita kidogo, halafu ndiyo anarusha. Wapigaji walipiga hewa.

Julai 1948, akitimiza miaka 42, Cleveland Indians walimsajili. Hakuna aliyewahi kuanza Ligi Kuu na umri huo. Alishinda mechi 6, akapoteza 1, na Cleveland wakatwaa ubingwa. Ule mtindo wa kusita ulipigwa marufuku.

Septemba 25, 1965, akiwa na miaka 59, alirushia Kansas City Athletics vipindi vitatu dhidi ya Boston. Ni mpigaji mmoja tu aliyempata sawasawa.

Mwaka 1971 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa besiboli, akiwa wa kwanza kuchaguliwa kwa kazi aliyoifanya ligi za weusi. Alifariki Juni 8, 1982, Kansas City.

Miaka yake bora kabisa, Ligi Kuu haikumpa nafasi hata ya mechi moja.